Faili iliyofutwa haijafutika: kutoka dari ya CVS hadi Git

Ni historia ya amri moja fupi. Hii hapa:

svn delete http://seva/ghala/trunk/data/wanachama.sql -m "Naondoa faili"

Mlioanza kazi hii enzi za Git huenda hamjawahi kuiandika. Ukishabonyeza Enter, faili inaondoka kwenye seva papo hapo. Huhitaji kuwa na nakala ya ghala kwenye tarakilishi yako, huhitaji kuvuta chochote. Unataja anwani, unatoa sababu, basi.

Ilikuwa 2007. Nilikuwa nimeajiriwa na kampuni ndogo hapa Nairobi, tukitengenezea programu chama kimoja cha akiba na mikopo. Mmoja wetu (si mimi, angalau kwa mara ile) alichukua data halisi ya wanachama na kuitia kwenye ghala pamoja na msimbo, ili ajaribu ripoti zake. Majina, nambari za vitambulisho, nambari za simu, salio la kila mtu. Mdosi alipogundua alinipigia simu siku ya Jumamosi. Nilikuwa saiba, nimechomeka kipakatalishi changu kwenye waya wao. Ghala letu lilikuwa kwenye seva ya kukodi huko Marekani, na siku hizo Kenya ilikuwa ikiongea na dunia kupitia setilaiti. Nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa 2009. Kuvuta ghala zima kwa laini ile ya saiba, na saa inahesabu shilingi, ili nifute faili moja? Hapana. Nikaandika amri hiyo hapo juu, seva ikajibu kwamba toleo la 412 limeingia, nikampigia mdosi.

"Bosi, nimeshaifuta."

"Imetoka kabisa?"

"Kabisa."

Miezi minane baadaye alikuja kijana wa chuo kufanya mafunzo ya kazini. Nilimpa kazi ya kutafuta hitilafu fulani ilianza lini, arudi nyuma toleo kwa toleo. Alasiri moja akaniita: "Kaka, hawa wanachama ni wa majaribio ama ni watu wa kweli?" Kwenye kioo chake kulikuwa na toleo la 398, na ndani yake watu wote wa kile chama, pamoja na madeni yao.

Ndipo nilipoanza kusoma jinsi vyombo hivi vilivyotengenezwa.

Mwanzoni hakukuwa na seva ya mbali. Marc Rochkind alianza SCCS huko Bell Labs mwaka 1972, na kila faili ilikuwa na daftari lake la historia pembeni, kwenye mashine ileile. Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue akaleta RCS mwanzoni mwa miaka ya 1980. Yeye alihifadhi toleo jipya likiwa zima, na ya zamani akayaweka kama tofauti za kurudi nyuma, kwenye faili yenye jina linaloishia kwa alama ya mkato na v. Kufuta siku hizo kulikuwa kufuta. Unaondoa daftari, historia inaondoka nalo, na hakuna wa kukuuliza.

CVS ndiyo iliyobadilisha mambo. Mwaka 1986 Dick Grune, mwalimu katika Vrije Universiteit ya Amsterdam, alikuwa akitengeneza kompaila ya C na wanafunzi wake wawili, na saa zao za kazi hazikupatana. Akaandika skripti zilizojengwa juu ya RCS ili watatu hao waweze kugusa faili zilezile bila kungojeana. Brian Berliner akaiandika upya kwa lugha ya C mwaka 1989. Katika miaka ya 1990 CVS ikajifunza kuongea na seva kupitia mtandao, na miradi mikubwa ya programu huria ikaanza kuendeshwa na watu ambao hawajawahi kuonana uso kwa uso. OpenBSD wanaitumia hadi leo, na siwacheki.

Sasa angalia CVS ilivyofuta. Kwanza unaondoa faili kwenye nakala yako mwenyewe. Ukisahau, cvs remove inakataa na kukwambia kwamba faili bado ipo, uiondoe kwanza. Ukishaiondoa, inaiandikisha kwa kuondolewa, kisha inakuambia utumie cvs commit ili faili iondolewe milele. Neno hilo, milele, limo ndani ya ujumbe wenyewe. Na si kweli! Kinachotokea kwenye seva ni kwamba lile daftari la historia linatiwa alama kwamba limekufa, kisha linahamishiwa kwenye folda ndogo iitwayo Attic. Attic ni dari, kule juu ya nyumba watu wanakoweka vitu wasivyovihitaji na wasivyothubutu kuvitupa.

Sababu ya dari ni nzuri. Ukitaka kujenga upya toleo la mwaka juzi ambalo mteja fulani bado analitumia, unahitaji faili zote zilizokuwemo siku ile, hata zilizofutwa baadaye. Ghala lisiloweza kurudisha jana si ghala la historia.

Lakini CVS haikuwa na njia ya kufuta kwenye seva bila kuwa na nakala ya kazi, na folda haikuweza kuondolewa kabisa. Haikuwa hata na njia ya kubadilisha jina la faili. Kwa hiyo watu wakazoea mlango wa nyuma. Aliyekuwa na ruhusa aliingia kwenye seva kwa ssh na kufuta au kuhamisha zile faili za RCS kwa mkono, kwa rm na mv za kawaida. Hakuna komiti, hakuna ujumbe, hakuna jina la aliyefanya. Kesho mtu akijaribu kujenga toleo la zamani, faili haipo kana kwamba haikuwahi kuandikwa, au ipo kwa jina la mwaka huu ndani ya folda za mwaka juzi, na kompaila inalia. Miradi iliyokuwa SourceForge haikuwa na mlango huo. Ukiingiza folda kimakosa uliandika ombi kwa wahudumu wao, ukangoja.

Mlango huo wa nyuma haukuwa wa kufutia tu. Mwezi Novemba 2003 kernel ya Linux ilikuwa ikitunzwa ndani ya BitKeeper, pamoja na nakala ya CVS kwa wale wasiotaka BitKeeper. Mtu aliingia kwenye seva ya CVS na kupachika mistari miwili ndani ya kazi ya wait4. Kwa kutumia alama moja ya kuweka sawa mahali pa mbili za kulinganisha, mistari hiyo ingempa mtumiaji wa kawaida mamlaka yote ya mashine. Ilikamatwa kwa sababu badiliko lile halikuwa na mwenzake upande wa BitKeeper. CVS yenyewe isingelalamika.

Hapo ndipo Subversion ilipoingia. Kampuni ya CollabNet ilianza kuijenga mwaka 2000, ikiwatumia watu waliojua uchungu wa CVS kama Karl Fogel na Jim Blandy, na toleo la 1.0 likatoka Februari 2004. Waliacha kabisa mtindo wa daftari kwa kila faili. Katika Subversion kila komiti ni picha ya mti mzima, na picha ina namba moja kwa ghala zima. Kufuta faili ni kupiga picha mpya ambayo faili hiyo haimo.

Fikiria albamu ya familia. Mjomba akigombana na watu hapigwi picha ya Krismasi ya mwaka huu. Lakini fungua kurasa za nyuma, yumo, amevaa suti, anatabasamu.

Kwa kuwa picha mpya inachorwa kwenye seva, hakukuwa na haja tena ya kuwa na nakala ya kazi. Unataja anwani, seva inachora. Kwa mtu aliyekaa nyuma ya setilaiti hii ilikuwa zawadi, na nasema hivyo bila kejeli. Pia ilikuwa na adabu kuliko rm ya CVS: kuna jina lako, kuna tarehe, kuna sababu uliyoandika. Unaweza kufuta trunk yote kwa mstari mmoja (nimemwona mtu akifanya hivyo, akatoka nje kupunga upepo), na unairudisha kwa mstari mmoja:

svn copy http://seva/ghala/trunk@411 http://seva/ghala/trunk -m "Narudisha"

Walikwenda mbali zaidi. Subversion ikiendeshwa ndani ya Apache inaongea WebDAV, na msimamizi akiwasha SVNAutoversioning, ghala linafunguka kama folda ya mtandao kwenye Windows au Mac. Karani anabonyeza Delete kwenye kibodi na seva inaandika komiti yenyewe, na ujumbe inajitungia. Sijui kama kuna njia nyepesi kuliko hiyo ya kugusa historia ya mradi wa watu.

Basi ona mkanganyiko ulipo. Kufuta kulikuwa kwepesi kuliko wakati wowote uliopita, na hakukufuta kitu. Wasanifu walilijua hilo vizuri, kwani ndilo lililokuwa kusudi lao. Lakini wakati huohuo watu walianza kuomba amri ya pili, ya kuangamiza kweli. Ombi hilo lina namba 516 katika orodha ya kasoro za Subversion, linaitwa obliterate, na liliandikwa 2001, kabla hata ya 1.0. Hadi ninapoandika haya Subversion haijatoa amri hiyo. Si uvivu. Ukiondoa faili ndani ya picha ya zamani, utafanya nini na tawi lililonakiliwa kutoka kwenye picha hiyo? Na nakala za kazi zilizo mikononi mwa watu, zinazoamini kwamba toleo la 398 lina kitu fulani? Perforce, ambayo ni ya kulipia, inayo p4 obliterate kwa msimamizi, na hata hiyo ukiiandika bila -y inakuonyesha tu itakachofanya, haifanyi.

Sisi tulibaki na njia rasmi ya Subversion: toa ghala lote kama faili moja kwa svnadmin dump, ipitishe kwenye svndumpfilter ukitaja usichotaka, kisha ipakie kwenye ghala jipya. Niliingia kwenye seva usiku, nikataja trunk/data/wanachama.sql, kichujio kikapita bila neno. Nikalala kwa amani. Asubuhi yule kijana akafungua toleo la 391. Faili ilikuwemo! Yule mwenzetu aliyeiingiza alikuwa ameiweka kwanza kwenye trunk, kisha akaihamishia data siku iliyofuata kwa svn move. Kichujio hakijui kwamba majina hayo mawili ni ya kitu kimoja. Kinaangalia njia uliyotaja tu, hakisomi kilichomo ndani. Mara ya pili nikataja zote mbili.

Kisha ikabidi kila mtu atupe nakala yake ya kazi na achukue mpya, maana ghala la zamani na jipya yalikuwa na namba zilezile na yaliyomo tofauti. Kwa laini yetu tulichukua moja, tukaigawa kwa flash disk kutoka meza hadi meza. Ile kazi iliyonichukua dakika moja saiba ilichukua ofisi nzima siku mbili.

Wakati tukihangaika hivyo Git ilikuwa tayari ina miaka mitatu. Linus Torvalds aliianza Aprili 2005, baada ya ruhusa ya kutumia BitKeeper bure kuondolewa. Wengi waliotoka Subversion huuliza kitu kimoja wiki ya kwanza: amri ya kufuta faili kwenye seva moja kwa moja ni ipi? Jibu ni kwamba haipo. Unafuta kwako kwa git rm, unafanya komiti, unasukuma. Kile kitufe cha kufuta kwenye tovuti ya GitHub kinakufanyia komiti upande wao, basi.

Sababu iko kwenye msingi wake. Komiti za Git ni kama shanga kwenye uzi, na kila shanga imebeba alama ya kidole ya ile iliyotangulia. Alama hiyo inapigiwa hesabu kutokana na kila kilichomo. Ukibadilisha shanga ya kumi, ya kumi na moja inabadilika jina, na ya kumi na mbili, hadi mwisho. Haiwezekani kuchomoa faili katikati kimyakimya kama tulivyofanya kwenye CVS, kwa sababu kila mwenye nakala ataona majina hayalingani. Lile jaribio la 2003 lisingepata pa kujificha humu.

Seva ya Git yenyewe haijui kufuta faili. Inapokea shanga, na inasogeza vibandiko vinavyosema tawi fulani linaishia shanga ipi. Vibandiko ndivyo unavyoweza kuving'oa ukiwa mbali. Zamani kufuta tawi uliandika git push origin :tawi, nukta mbili zikiwa hazina kitu upande wa kushoto, yaani unasukuma hewa juu ya tawi. Git 1.7.0 ya mwaka 2010 ndiyo iliyoleta --delete, na afadhali.

Kisha kuna --force, inayobandua kibandiko na kukiweka unapotaka. Novemba 2013 mmoja wa watengenezaji wa Jenkins alisukuma kwa nguvu bila kukusudia, na maghala zaidi ya 180 yakarudi nyuma kwa mara moja. Yalirudishwa, kwa sababu shanga zenyewe zilikuwa bado zipo kwenye seva hata kama hakuna kibandiko kilichozielekea. Git inazifagia baadaye, kwa wakati wake.

Lakini msidhani kwamba kwa hiyo hakuna kinachoweza kupotea. Machi 2013 seva kuu ya KDE ilizimwa kwa matengenezo, ikaamka faili zake zikiwa zimeharibika. Nakala zake zilizotawanyika duniani zilikuwa zikisoma orodha ya miradi kutoka kwake, na orodha ikawa imeharibika pia. Mashine zile zikafanya zilivyofundishwa, zikafuta kila mradi usiokuwa kwenye orodha. Maghala yapatayo 1,500 yangepotea kama mashine moja isingesalimika kwa bahati. Mwaka uliofuata, Juni 2014, kampuni ya Code Spaces iliyohifadhi maghala ya Subversion na Git ya wateja ilivamiwa na mtu aliyepata funguo za akaunti yao ya Amazon. Alifuta mashine, diski na nakala za akiba, vyote vikiwa chini ya akaunti hiyohiyo. Kampuni ikafunga.

Kwa hiyo kitu tunachokihitaji kinaweza kuondoka kwa usiku mmoja. Kile tunachotaka kiondoke, ndicho king'ang'anizi. Git ilipata filter-branch mwaka 2007, ikaja BFG, na tangu 2019 tunashauriwa git filter-repo, ambayo ni ya haraka na haina mitego mingi. Zote zinafanya kilekile nilichofanya na svndumpfilter, yaani kuandika historia upya na kuomba kila mtu atupe ya zamani. Nakala iliyo kwa mtu mwingine haiguswi. Ndiyo maana ushauri wa kwanza ukivujisha nywila kwenye ghala ni kubadilisha nywila hiyo, kabla hujahangaika na faili.

Sawa. Na nambari ya kitambulisho cha mama fulani aliyekopa anunue ng'ombe, nayo utaibadilisha wapi?

Mwaka 2007 hakuna sheria iliyoniuliza swali hilo. Sasa ipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa Mkenya haki ya kudai kwamba data yake ambayo mwenye kuishika hana tena ruhusa ya kuihifadhi ifutwe. Mtu wa kile chama akija leo na barua kama hiyo, svn delete haitoshi kuwa jibu, wala git rm.

Nilipoacha kazi pale 2010 nilimkumbusha mdosi kuhusu nakala za akiba za Desemba 2007, zilizochukuliwa baada ya lile toleo la 412 na kabla ya kichujio. Alifungua droo, akatoa CD, tukaikata vipande vinne kwa makasi ya karani. Kisha nikafungua daftari la nakala za akiba nitie alama kwamba imeharibiwa. Kwenye mstari wa mwezi ule palikuwa pameandikwa: CD mbili.